Sahani ya Mbweha

Seremala ananiita kutoka ghalani:
Chizuru, njoo, ukuta huu una tumbo.
Nyuma ya magunia ya mpunga, chumba.
Mikeka miwili ya sakafu, nguzo za mwerezi
zimebanana; kiganja kinapita, kichwa hakipiti.
Chini, mwanya wa upana wa bakuli.

Humu aliishi Tome, dada wa bibi yangu,
asiyetajwa hata siku ya kuosha makaburi.

Mwaka theluji ilipowahi milima ya Izumo
Tome aliamka usiku akabweka,
akasema kwa sauti isiyo yake,
akaomba tofu ya kukaanga: tatu, tano, kumi.
Wakasema, amepandwa na mbweha.
Akaletwa mpungaji na majani ya msonobari,
akamfukiza mpaka machozi yakamkauka.
Mbweha hakushuka.
Na ukoo mzima ukapakwa masizi:
nani ataoa nyumba yenye mbweha?
Posa mbili za bibi zilirudi zilikotoka.

Kisha polisi akaja na karatasi ya muhuri.
Sheria haikumjua mbweha. Ilijua vipimo:
kimo cha dari, unene wa nguzo, kufuli, jina la mlinzi.
Baba yake akatia sahihi.
(Usimhukumu upesi. Ni yeye
aliyemchana nywele kila jioni, mkono mmoja ndani, mmoja nje.)

Miaka kumi na saba.
Alikufa miwili kabla ya serikali
kuvipiga marufuku vyumba kama hiki.

Mjomba Kunio alikuwa na bahati, walisema:
yeye alipata hospitali, shuka, dirisha.
Daktari akaandika herufi tano, kila moja na makali yake:
ugonjwa wa akili iliyopasuka.
Mjomba akauliza, imepasukaje,
kama gogo au kama kikombe?
Akapewa kidonge. Mikono ikaanza kutetemeka.
Sisi watoto tuliambiwa tuseme
yuko Osaka, anauza mashine za kushona.

Kumbe siku moja, ukumbini, wataalamu wenye tai
walilivua gonjwa lile jina
wakalivika jingine: akili iliyoshindwa kuoanisha mambo.
Daktari Uehata akaja na habari, karatasi mkononi.
Mjomba akaisoma mara mbili.
"Yaani sikupasuka?"
"Hukupasuka."
"Basi nirudishieni miaka thelathini na minne."
Daktari akaweka kalamu chini.
Hakusema neno, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Nami? Vuli iliyopita
sikupata usingizi siku tisa, nikanunua pianika kumi na moja,
nikampigia kila mteja wangu nikimlilia.
Kijana wa kliniki hakuuliza nani amenipanda.
Aliuliza nakula na nani.
Aliuliza ni kitu gani sitaki kukipoteza nikipona;
swali hilo lilinikalia kooni.
Kisha akalitaja jina la hali yangu, taratibu,
kama mtu anayekuazima mwavuli:
"Ndilo tulilonalo kwa sasa.
Huenda wajukuu wako wakalicheka."
Nilicheka mimi kwanza.

"Tubomoe?" seremala anauliza.
Mjomba ameshuka garini, miaka themanini na ushei,
fimbo, kofia ya sufu.
Hatazami nguzo. Anapiga magoti penye mwanya,
anatoa kwenye mfuko wa plastiki tofu ya kukaanga,
bado ina joto, mafuta yanang'aa,
anaiweka sahanini, anaisukuma ndani.

Namwambia, Mjomba, mbweha hakuwepo.
"Najua," anasema. "Nani amemtaja mbweha?
Miaka yote mliuliza ni nani anayeomba.
Hakuna aliyefikiri
Tome alipenda tofu."

Seremala anavua kofia,
haelewi kwa nini.
Msumeno unangoja kidogo.